MAZUNGUMZO YA JUMA: Mbwa Niliyemfukuza



Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeketi katika mkahawa mmoja mjini Malindi, nikingoja gari la kunirudisha Kilifi. Meza ya jirani walikuwapo vijana watatu na mzee mmoja mwuza samaki, nao walikuwa wakizungumza habari za magonjwa makubwa yanayoua watu kwa mkumbo. Kijana mmoja alikuwa amesoma kitabu cha Kiingereza kiitwacho The Hot Zone, kilichoandikwa na Mmarekani Richard Preston na kutolewa mwaka 1994, naye alikuwa akiwasimulia wenzake habari za pango la Kitum, katika Mlima Elgon, hapa hapa nchini petu. Walimsikiliza kwa kicho hata chai ikapoa.

Alisimulia vema, na mambo yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyefanya kazi katika sehemu za magharibi ya Kenya aliingia katika pango lile, na siku chache baadaye akashikwa na homa ya Marburg, akafa katika hospitali ya Nairobi. Daktari aliyemtibu, Dakta Shem Musoke, aliambukizwa naye, lakini Mungu alimjalia akapona. Mwaka 1987 mvulana mmoja wa Kidenmaki aliyekuwa amezuru pango hilo hilo alikufa kwa ugonjwa huo. Kisha kijana akaja kwenye Ebola, nduguye Marburg, iliyojulikana kwanza mwaka 1976 huko Yambuku katika nchi ya Kongo na katika Sudan ya kusini, na ambayo kati ya mwaka 2014 na 2016 iliua watu zaidi ya 11,000 katika nchi za Afrika ya Magharibi.

Mzee mwuza samaki alinigeukia, akaniuliza, “Nawe bwana karani, wewe uonaje? Katika hayo yote, lipi lililo baya zaidi?”

Chini ya meza yetu alikuwa amelala mbwa, mwembamba, mwenye upele sikioni, akingoja kutupiwa kichwa cha samaki. Nikamwonyesha mzee mbwa yule. Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, na sababu yake ndiyo nitakayowaeleza leo, ingawa si jambo la kunipa sifa.

Kwanza niwape hesabu. Katika ule mlipuko mkubwa wa Afrika ya Magharibi, zaidi ya nusu ya walioshikwa na Ebola walipona. Lakini mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, akakaa bila kutibiwa hata dalili zikamtokea, huyo hana wa kumponya. Waliopata kuokoka baada ya dalili kutokea katika dunia nzima ni wachache mno. Wataalamu wa afya wakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka ulimwenguni, walio wengi sana wakiwa katika Afrika na Asia, na kwamba katika watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kwa Kenya yetu hukadiriwa watu 2,000 kwa mwaka. Hakuna kitabu cha kusisimua kilichoandikwa juu yao, maana hufa mmoja mmoja, huyu Ganze, yule Marafa, mwingine Kaloleni, kila mmoja katika nyumba ya mamaye. Ugonjwa huu si mgeni pia. Katika Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja karibu na Nairobi.

Sasa habari yangu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na mbwa aliyeitwa Simba, mwekundu, mwenye mguu mmoja mweupe. Nilimpata akiwa mtoto, naye alikua pamoja na mwanangu wa pili. Walikula pamoja, na usiku, nami nimelala, mbwa aliingia ndani akalala miguuni pa mtoto. Baadaye mtoto alianza kupiga chafya bila kuwa na mafua. Macho yalimwasha, na usiku kifua chake kilitoa sauti kama ya filimbi. Tulimpa dawa za kikohozi chupa baada ya chupa. Mwishowe tulimpata daktari aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kabla: “Nyumbani kwenu mwafuga nini?”

Akatueleza kwamba mtoto ana mzio wa mbwa, yaani mwili wake humwona mbwa kama adui na kupigana naye hata pasipo vita. Watu wengi hudhani ni manyoya ndiyo yenye madhara. Daktari alisema sivyo. Kinachomdhuru mtoto ni vitu vilivyomo katika mate ya mbwa na katika vumbi la ngozi yake, navyo hushikamana na manyoya, mikeka, mito na nguo. Wala hakuna namna ya mbwa isiyo na vitu hivyo, hata yule mwenye manyoya mafupi kama kitambaa. Akatuagiza mbwa alale nje, asiingie chumbani kamwe. Mtoto anawe mikono na uso kila amgusapo. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Tena akampa dawa ya kuvuta kwa ajili ya pumu.

Hayo ndiyo aliyoagiza, wala hakuniambia nimfukuze mbwa. Lakini mimi kwa hasira ya baba aliyekesha usiku mwingi nilitaka jambo liishe siku moja. Lilikuwapo lori moja la mkaa lililokuwa likirudi tupu kuelekea Bamba. Nikampa utingo shilingi 200, nikampandisha Simba nyuma, nikamwambia amteremshe katika kijiji chochote chenye watu. Mbwa alinitazama hata lori likapinda kona. Mwanangu alilia siku mbili, na kifua chake hakikunyamaza upesi kama nilivyotumaini, kwa kuwa yale mabaki ya mbwa hukaa ndani ya nyumba majuma mengi baada ya mbwa mwenyewe kuondoka. Jambo moja sikulifikiri hata kidogo: Simba hakuwa amechanjwa. Nilikuwa nikijiambia mwaka hata mwaka kwamba nitampeleka.

Miezi minne ikapita. Nikatumwa na ofisi kwenda upande wa Ganze kwa kazi ya kuandikisha watu. Mchana, katika kibanda cha chai, nikasikia watu wakisema kwamba juzi yake mbwa asiye na mwenyewe alimwuma mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi, na vijana wakampiga mbwa yule kwa magongo hata akafa, wakamtupa shimoni. Nikauliza, “Mbwa wa rangi gani?” Wakajibu, “Mwekundu.” Nikauliza habari za mguu mweupe. Mmoja akasema ndiyo, mwingine akasema hakuangalia miguu, aliangalia meno.

Hata leo sijui kama alikuwa Simba. Mbwa wekundu ni wengi katika nchi yetu. Lakini chai ile sikuweza kuimaliza.

Nilimwomba naibu wa chifu anifikishe kwa jamaa wa mtoto. Tulimkuta mvulana wa miaka minane ameketi chini ya mkorosho, mguu umefungwa kitambaa. Bibi yake alitupokea. Baada ya kumwamkia shikamoo na kuulizana hali, nikamwuliza wameweka dawa gani. Akasema walimwaga mafuta ya taa, kisha wakaweka majani yaliyopondwa, na kwamba kidonda kilikuwa kikikauka vizuri. Siku mbili zilikuwa zimekwisha kupita.

Hapa sharti nieleze jinsi ugonjwa huu unavyotembea, maana bila kulijua hilo hamtaona kwa nini nilifanya haraka. Virusi vya kichaa vimo katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama anapouma, au kuparuza, au hata kuramba mahali penye mchubuko, mate huingia mwilini. Virusi havikimbii katika damu kama vijidudu vya malaria. Hushika njia ya mishipa ya fahamu na kupanda polepole, kidogo kidogo, kuelekea ubongoni. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa juma moja au mwaka mzima, na jeraha la usoni au mkononi huwa na njia fupi kuliko la mguuni. Wakati huo wote mtu hula, hucheka, huenda shuleni, na kidonda hupona kabisa. Kwa hiyo kupona kwa kidonda hakuonyeshi lolote. Walakini huko kukawia kwa ugonjwa ndiko kunakotupa nafasi. Sindano ikiwahi, mwili hujifunza kuviua virusi kabla havijafika ubongoni. Ndivyo alivyofanya Louis Pasteur huko Paris mwezi wa Julai mwaka 1885, alipomdunga mvulana Joseph Meister aliyekuwa ameumwa na mbwa mahali pengi, naye mvulana akaishi hata akawa mtu mzima.

Nikamwambia bibi, “Mama, tumwoshe mtoto sasa, kisha tumpeleke hospitali leo hii.”

Akatikisa kichwa. “Mwanangu, hizo sindano nazijua. Zilikuwa za tumboni, nyingi kama siku za mwezi. Ndugu yangu alidungwa hata akashindwa kusimama. Mtoto huyu ni mdogo.”

Sikumlaumu, maana alisema kweli ya zamani zake. Zilikuwapo sindano za namna hiyo, kumi na nne au zaidi, tena za tumboni, nazo ziliumiza sana. Lakini zimeachwa. Siku hizi sindano hudungwa mkononi, juu begani, au pajani kwa watoto wadogo. Utaratibu uliozoeleka ni sindano tano: ya kwanza siku ya kufika hospitali, kisha siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na nane baada yake. Ziko hospitali zifuatazo utaratibu mpya ulio mfupi zaidi. Tena jeraha likiwa limetoa damu, yapasa daktari adunge na dawa nyingine ya kinga pale pale kwenye jeraha, ili ilinde wakati mwili ungali unajifunza.

Babu wa mtoto, Mwislamu mcha Mungu, alikuwa kimya muda wote. Akasema mate ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba na mara moja katika hizo huwa kwa udongo, naye alikuwa tayari amempaka mtoto udongo. Nilimjibu kwa adabu kwamba sheria hiyo naiheshimu, na kwa chombo na nguo ndivyo wafanyavyo Mashafii wote wa pwani yetu. Bali ndani ya nyama iliyo wazi udongo waweza kuleta pepopunda. Jeraha lataka maji mengi yanayotiririka na sabuni, muda wa dakika kumi na tano kamili. Nilishangaa jinsi alivyolipokea neno hilo upesi. Akasema, “Basi nanyi mwaanza kwa kuosha, kama sisi.” Yeye mwenyewe akashika kata, mimi nikashika sabuni ya kufulia, naibu wa chifu akatazama saa. Jaribuni siku moja mwone jinsi dakika kumi na tano zilivyo ndefu kwa mtoto anayelia. Wengi wetu huosha kwa dakika moja na kuona tumefanya.

Tulimpakia mtoto juu ya pikipiki pamoja na mjomba wake. Zahanati ya kwanza haikuwa na dawa. Hospitali ya pili ilikuwa na sindano, lakini dawa ile ya kudunga jerahani ilibidi inunuliwe kwingine, na mbuzi wawili wakauzwa. Gharama moja niliilipa mimi, wala sikuwaambia kwa nini. Sindano ya tano alidungwa kwa wakati wake, na hilo si jambo dogo, maana wengi huacha baada ya ya pili wakiona mtoto yu mzima na nauli imepanda.

Mwaka huu nilimwona tena. Amekuwa mrefu, tena ana mbuzi wake mwenyewe.

Yawezekana mbwa yule hakuwa na kichaa. Hakuna ajuaye, kwa sababu alitupwa shimoni na fisi wakamla. Hapa lipo kosa tunalolifanya karibu kila kijiji. Mbwa aliyeuma mtu, kama aweza kufungwa salama bila mwingine kuumwa, afungwe na atazamwe siku kumi. Kama alikuwa na virusi katika mate yake siku ile, hatamaliza siku hizo akiwa mzima. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo zimalizike ndipo aende hospitali. Aende siku ile ile, na mbwa akiwa mzima baada ya siku kumi, daktari ataamua kama sindano zikomeshwe. Na kama mbwa ameuawa au amekufa, msimguse kwa mikono mitupu wala msimzike upesi. Mpelekeeni habari daktari wa mifugo, yeye ajua kuchukua kichwa na kukipeleka maabara.

Wengine wataniuliza dalili za mbwa mwenye kichaa. Yule wa hadithi, atokwaye na povu akiuma kila kitu hata mawe, yupo. Lakini yuko pia mwenye kichaa cha kimya, na huyo ndiye humpata mwenyewe. Mbwa mkali hugeuka mpole ghafula, au mpole hugeuka mkali. Sauti ya kubweka hubadilika. Taya hulegea na mate hudondoka, na mwenye mbwa, akidhani amekwamwa na mfupa, humtia mkono kinywani. Msitie mkono.

Kwa mwanadamu dalili huanza kwa homa na kuwashwa mahali palipoumwa zamani. Kisha mgonjwa huogopa maji, koo hukakamaa kila akitaka kunywa, na upepo tu wa kipepeo humshtua. Huweweseka, kisha hutulia akawa na akili zake, kisha huweweseka tena. Jamaa wakiona hivyo husema ana pepo, na ngoma hupigwa. Hata waganga wa hospitali hukosea. Huko Malawi, madaktari walipochunguza bongo za watoto waliokufa hospitalini, walikuta kichaa cha mbwa kwa watoto waliodhaniwa wameuawa na malaria ya kichwani. Wangapi wamezikwa hapa kwetu kwa jina lisilo lao?

Tukirudi kwa mbwa wenyewe, najua shauri ambalo wengi wenu mwalitaka: wauawe wote. Mwaka 1997 kichaa kiliingia kisiwa cha Flores nchini Indonesia, kwa mbwa watatu walioletwa na wavuvi katika chombo. Wenye mamlaka waliua mbwa wengi mno, karibu nusu ya mbwa wa kisiwa, na kichaa hakikuondoka. Watu walificha mbwa wao wawapendao, wakaleta wengine mahali pa waliouawa, na hao wapya hawakuwa na kinga. Sasa tazameni jirani zetu wa Pemba, watu wa pwani kama sisi, ambao wengi wao hawapendi mbwa nyumbani. Wao walichanja. Kazi ilianza mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Uchanjaji ukalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje. Wakachanja upya, na mwaka 2018 ukatoweka mara ya pili. Kanuni yake ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka, hata watoto wa mbwa. Serikali ya Kenya nayo ilitoa mpango wake mwaka 2014, wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Mbwa wetu wa mashambani, wanaofukuza ngedere na nguruwe katika mahindi na mihogo, hawana anwani wala leseni, lakini kila mmoja yuko mtu anayemjua kwa jina. Huyo mtu na amshike kwa kamba siku ya chanjo.

Na mwenye mtoto wa pumu, kama mimi, asifanye nilivyofanya. Mbwa na ajengewe kibanda upande ambao upepo hauelekei nyumbani. Kama mtoto hali yake ni mbaya sana na mbwa hana budi kuondoka, basi na apewe mtu anayejulikana, mwenye haja naye, tena achanjwe kwanza na cheti kiende pamoja naye. Mbwa anayeachwa barabarani hukutana na mbweha, na nguchiro, na mbwa wengine walioachwa.

Msomaji mmoja wa Mambrui ameniandikia akiuliza kama paka naye huambukiza. Ndiyo, na punda, na ng’ombe pia. Mnyonyeshaji yeyote aweza kukipata. Mama mwingine, wa Takaungu, ameuliza kama mwanamke mwenye mimba aliyeumwa na mbwa aweza kudungwa sindano hizo. Aweza, bila hofu kwa mtoto aliye tumboni, na asikawie.

Nyumbani kwetu sasa yupo mbwa mwingine, mweusi. Hulala nje chini ya mwembe, na mwanangu ambaye sasa ni mkubwa humpa chakula kisha hunawa hata viwiko. Cheti cha chanjo cha mbwa huyo nimekiweka sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, jambo ambalo mke wangu aliona ni la kuchekesha.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitajibu barua zenu juu ya dumuzi katika mahindi.